Mama wa mtoto kaniambia jambo kuhusu kocha wetu, baba hataki lisikike. Mimi katibu nifanyeje?

"Shikamoo wakili. Mimi ni katibu wa kikundi kidogo hapa Kigoma mjini, tuna timu ya watoto wa miaka 9 mpaka 15 na masomo ya jioni mara tatu kwa wiki, tumesajiliwa manispaa. Mwaka jana mfadhili alitaka sera ya ulinzi wa mtoto, tukashusha moja mtandaoni tukabadilisha jina tukaituma, nimekuwekea hapa uione. Sasa kuna kocha wetu wa kujitolea, mtu anapendwa na wazazi, ananunulia watoto viatu kwa hela yake, wengine wanalala kwake Kibirizi siku moja kabla ya mechi ili wasichelewe. Kuna mtoto wa miaka 12 aliacha kuja ghafla. Juzi mama yake alinivuta pembeni sokoni akaniambia mtoto anasema kocha alimshika vibaya usiku, ila baba yake amekataa kabisa lisitoke nje kwa sababu ni mtoto wa kiume, atachekwa. Nikamwambia mwenyekiti, akasema hatuna ushahidi, tukiongea kocha atatushtaki kwa kumchafua na manispaa itatufungia, bora tumwambie taratibu aache timu, tumpe barua ya shukrani yaishe. Mimi roho inaniuma lakini pia naogopa kumharibia mtu maisha kama sio kweli. Sheria inasemaje, na mimi katibu tu nina mamlaka gani?"

Marahaba dada yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu, halafu nikasoma na hiyo sera mliyompelekea mfadhili, nitairudia mbele huko maana ukurasa wa sita inasema mtu akiwa na wasiwasi ampigie afisa mteule wa halmashauri ya Manchester, sasa mtoto wa Mwanga au wa Gungu akipata shida sijui anampigiaje mtu wa Manchester. Ila hiyo sera inaweza kusubiri wiki mbili, huyu mtoto hawezi, kwahiyo tuanze na yeye.

Hofu zenu nazielewa, hamna ushahidi, kocha anaweza kuwageuzia kesi, baba mtoto kakataa na kikundi kinaweza kufa. Sio hofu za kijinga hata moja, nimeshazikuta kwa watu wenye akili zao na wenye nia nzuri kabisa. Lakini karibu zote zimekaa juu ya kutokujua sheria imeandika nini, na hiyo moja iliyobaki nitakuambia ukweli wake bila kukupaka mafuta.

Tuanze na ushahidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema mtu yeyote kwenye jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa ana wajibu wa kuripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Hebu isome tena taratibu, ushahidi AU taarifa. Alichokuambia mama yule pembeni ya mafungu ya dagaa ni taarifa, haijalishi hukuona kwa macho yako, haijalishi mama mwenyewe hakuwepo usiku huo. Sheria haijakuagiza uthibitishe, imekuagiza upeleke. Na angalia na hilo la pili, haijasema mwenyekiti, haijasema kamati ikae akidi itimie ipige kura, imesema mtu yeyote kwenye jamii, kwahiyo unaponiuliza katibu tu una mamlaka gani jibu ni kwamba hata ungekuwa unauza maandazi pale getini wajibu ungekuwa nao. Kwa kwenu mamlaka hiyo ni manispaa, na mlango wake ni ofisi ya ustawi wa jamii. Ukipitia kwa mtendaji wa mtaa au wa kata sio kosa, ila kwa jambo la namna hii mimi ningeenda ustawi moja kwa moja, mtaani kila mtu ni shemeji wa mtu.

La kushtakiwa sasa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka kila mtu aliyepata kujua kwamba kosa la jinai limetendeka au linataka kutendeka atoe taarifa haraka polisi au kwa mtu mwenye madaraka eneo lile ambaye ataifikisha polisi, halafu kifungu hichohicho kinaendelea kusema mahakama haitapokea kesi ya madai wala ya jinai dhidi ya mtu kwa madhara yaliyotokana na taarifa aliyoitoa kwa kufuata wajibu huo. Mwenyekiti wako mpe hicho kipande akisome mwenyewe. Kuna na sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, nayo iko upande wa mtu aliyepeleka taarifa ya uhalifu kwa nia njema mahali panapostahili. Sasa sikiliza vizuri, ulinzi huu ni wa mtu aliyepeleka taarifa kwenye mamlaka, sio wa mtu aliyeposti kwenye grupu la wazazi, wala aliyemnong'oneza jirani wakati anasukwa nywele. Ukilitangaza mtaani hapo kocha akikupeleka mahakamani ataweza kupata pa kushika. Na ukitunga uongo kwa makusudi ukaupeleka polisi hilo ni kosa lako mwenyewe, lakini kupeleka ulichoambiwa ukasema "hiki nimeambiwa na mama wa mtoto tarehe fulani, mimi sikuona" sio uongo hata kama baadae itaonekana mambo yalikuwa tofauti.

Baba mtoto. Huyu usimchukie, mimi nimekaa na akina baba wa hivi, mara nyingi sio kwamba hajali, ni kwamba ameumia na hajui aweke wapi uso wake. Kwa akili yake mtoto wa kiume akishaguswa basi kaharibika, na wenzake wakijua atapewa jina litakalomfuata mpaka anaoa. Ila yaliyo kweli ni haya. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini 2009 na kutolewa 2011 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18, na wavulana ndio waliokuwa wanaficha zaidi, zaidi ya theluthi mbili yao hawakumwambia mtu yeyote. Kwahiyo huyu mtoto wa miaka 12 aliyemwambia mama yake amefanya kitu ambacho watoto wengi wa kiume hawakuweza, na jibu analopata nyumbani ni anyamaze. Na sheria yetu haina dharau na mtoto wa kiume, Kanuni ya Adhabu inasema anayemwingilia mtoto wa chini ya miaka 18 kinyume na maumbile adhabu yake ni kifungo cha maisha. Sisemi ndicho kilichotokea, kushikwa vibaya kunaweza kuwa makosa tofauti na ni waendesha mashtaka watakaopima, nakuambia tu kwamba ile dhana ya kuwa sheria hizi ni za watoto wa kike haipo.

Na ridhaa ya baba sio kufuli. Kesi ya jinai sio ya baba, ni ya Jamhuri, ndio maana inaandikwa Jamhuri dhidi ya fulani. Hawezi kuifuta kwa kusema tumesameheana, na kama kuna mtu atakuja na mbuzi au bahasha ili yaishe, aliyetoa na aliyepokea wote wanaingia matatani kwa sababu kupokea kitu ili kuficha kosa kubwa ni kosa lenyewe. Kumalizana kienyeji kunafaa kwenye ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani.

Sasa nikueleze kitu ambacho naona ndio kiini cha swali lako japo hukukiuliza, yaani kwanini mtu "mzuri anapendwa" na viatu vya mpira vinaniwasha mimi masikio. Simhukumu huyo kocha, simjui, Katiba yenyewe inasema mtu asichukuliwe ana hatia mpaka ithibitike, na makocha wanaonunulia watoto viatu kwa upendo tu wapo tele. Ila mtu anayewinda watoto haji na pembe kichwani. Anakuja na msaada. Anaangalia kundi la watoto ishirini anachagua yule ambaye nyumbani kuna pengo, baba yuko ziwani usiku mama yuko gulioni, au mtoto anaishi na bibi, anampa kidogo, viatu, nauli, simu ya batani. Anawapa na wazazi, anamsaidia mama ada, anakuwa mtu wa nyumbani, ili siku mtoto akisema neno la kwanza litakalotoka kwa mama liwe "huyu huyu anayetusaidia?" Halafu anatafuta nafasi ya kuwa na mtoto peke yake ambayo ina sababu nzuri ya kuelezea, kama vile kulala kwake ili wasichelewe mechi. Halafu anajaribu kidogo, mzaha wa kushikana, picha kwenye simu, kasiri kadogo, "usimwambie mama nimekupa soda", mtoto akitunza siri ya soda ameshafundishwa kutunza siri. Mpaka jambo kubwa linatokea mtoto anajiona na yeye ni mshiriki, alipokea viatu, alinyamaza. Hapo ndipo ukimya unapoanzia.

Sasa ukijua inavyofanya kazi hivyo utaona kwamba ulinzi wenyewe hauko kwenye kumjua mtu mbaya kwa sura. Hatuwezi. Mimi nimefanya kazi hii miaka na siwezi kumtambua kwa macho, polisi hawawezi, shehe na padri hawawezi. Tunachoweza ni kuondoa ile nafasi ya peke yake, na ile siri, na ule ushukuru unaofunga watu midomo. Kocha mwema akiambiwa hakuna mtoto kulala kwako hapotezi kitu, anaweza kununa siku mbili basi.

Na hapa ndipo naikataa kabisa hiyo barua ya shukrani. Miaka ya nyuma niliitwa na shirika moja mkoani huku, silitaji, walikuwa na mfanyakazi wa kujitolea aliyelalamikiwa na watoto wawili kwa nyakati tofauti. Wakafanya hivyohivyo anavyotaka mwenyekiti wako, wakamuaga kwa heshima, barua nzuri yenye mhuri, "amefanya kazi kwa bidii na anapenda sana watoto". Ile barua ndiyo aliyoenda nayo wilaya nyingine akapokelewa kwenye kituo cha watoto kwa mikono miwili. Mimi niliitwa baada ya yale ya kituo cha pili, na nilipoiona ile barua kwenye faili nilikaa nayo mkononi muda mrefu, aliyeisaini alikuwa mtu namheshimu. Sio kwetu tu, Australia waliunda tume ya kifalme iliyofanya kazi kuanzia 2013 mpaka 2017 kuchunguza taasisi zilivyoshughulikia unyanyasaji wa watoto, makanisa, shule, vilabu vya michezo, wakawasikiliza faraghani watu zaidi ya 8,000, na moja ya mambo yaliyojirudia ni hilihili, taasisi ikaangalia jina lake kwanza, mtu akahamishwa kimyakimya, na watoto wa pale alipohamia ndio wakalipia. Kwahiyo njia ya mwenyekiti inaonekana ya upole, ila upole wake wote unaenda kwa watu wazima.

Haya, cha kufanya. Usiku huu chukua daftari uandike alichokuambia mama, kwa maneno yake yeye, usiyapambe wala usiyalainishe, weka tarehe, saa, mahali, saini yako. Usiandike "kocha amembaka" kama hakusema hivyo, andika "mama alisema mtoto alisema". Hilo daftari usiliache ofisini.

Mtoto usimhoji. Najua utatamani, utasema nimuulize tu kidogo nijue kama ni kweli, usifanye hivyo tafadhali. Kila mtu mzima anayemuuliza anamrudisha kwenye ule usiku, na akiulizwa mara sita na watu sita maneno yataanza kutofautiana, wakili wa utetezi ataziokota hizo tofauti moja moja. Akikufuata mwenyewe akaanza kuongea msikilize usimkatishe, mwambie asante kwa kuniambia, hujafanya kosa lolote, na usimuahidi kwamba hutamwambia mtu, mwambie nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia. Na ujue watoto huwa wanatoa kipande, wanaangalia uso wako, ukishtuka wanakirudisha. Alichosema mpaka sasa kinaweza kuwa ndio chote au ndio mlango, wenye ujuzi wa kuongea na watoto ndio watajua.

Kwa hiyo sababu msiidharau hospitali. Hujasema tukio lilikuwa lini. Kama lina siku chache, mtoto apelekwe Maweni haraka, dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72 kama daktari ataona zinahitajika, na nguo alizovaa kama hazijafuliwa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, sio rambo maana zinaoza. PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali, ni muhimu kwa kesi, ila kama kuna maumivu au damu msikae benchi polisi mkisubiri karatasi, matibabu kwanza. Kama limepita wiki kadhaa bado aonwe na daktari, na zaidi aongee na mtu wa ustawi hospitalini, majeraha mengine hayaonekani kwa kipimo.

Nenda kwa yule mama kabla hujaenda ofisini, sio kuomba ruhusa, kumwambia. Mwambie mimi kisheria lazima nilifikishe na ningependa twende wote. Wengi ukiwaambia hivi wanalia halafu wanavaa kanga wanatoka, kwa sababu alikuvuta pembeni sokoni hakuwa anapiga umbea, alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kubeba. Baba mtafutie mtu anayemheshimu, kaka yake mkubwa, au mzee wa msikitini au wa kanisani ambaye unajua ana kifua, amwambie kwamba kesi za watoto hazisikilizwi hadharani na kwamba mtoto wake haandikwi kwenye magazeti. Akikataa bado, unaenda.

Ofisini kwa ustawi unaeleza, unaomba waandike kumbukumbu na wewe unaondoka na jina la ofisa na tarehe. Wao ndio wataambatana na mtoto kwenda Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, mnaweza kwenda siku hiyohiyo na kwa taarifa ya aina hii ningependa iwe siku hiyohiyo. Kama ofisi imefungwa au umekwama, piga 116, ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, bure, hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Pia uliza kama mtaa au kata yenu ina kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto, zilianzishwa na MTAKUWWA, yaani mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ila ukweli ni kwamba kamati hizo hazifanani, pengine utakuta watu wanaojituma kweli na pengine zipo kwenye ubao wa matangazo tu.

Kocha sasa. Asimamishwe kwa muda, na isiwe kwa kuvutana. Barua ya mistari mitatu, kwamba kuna jambo limefikishwa kwenye mamlaka, wakati linashughulikiwa hatokuwa na shughuli yoyote na watoto wa kikundi, na hii sio hukumu. Usitaje mtoto. Ila kabla ya kumpa hiyo barua muulize ofisa ustawi au polisi wa dawati kama wako tayari ajue, maana ukimshtua mapema anaweza kuwahi kwa mtoto kumtisha au akapanda treni ya usiku ukamkosa. Mpaka wakuambie, tafuta sababu yoyote ya kawaida ya kuahirisha mazoezi, na hakuna mtoto kulala kwa mtu.

Kumharibia maisha kama sio kweli, hilo umeliuliza kwa moyo safi nami nalijibu hivyohivyo. Inatokea mtu akatuhumiwa na hakufanya. Ni mara chache kuliko watu wanavyodhani lakini inatokea. Na kinachomlinda mtu asiye na hatia ni njia hiyohiyo ninayokuambia, suala lipelekwe kwa wenye kazi yao, kimya, lichunguzwe, liandikwe. Kinachomharibia ni minong'ono. Huyo kocha akiondoka kwa barua ya shukrani na mtaa mzima ukijua kwa chini chini, kama hana hatia hatapata kamwe mahali pa kusema sikufanya.

Na ile hofu nyingine niliyosema nitakuambia ukweli wake. Kesi hizi ni ngumu. Zinachelewa, familia zinachoka, shahidi anahama, kuna wakati faili linakwama na mtuhumiwa anarudi mtaani mnakutana naye dukani. Kikundi chenu kitasemwa, wazazi wengine watatoa watoto kwa muda, mfadhili atauliza maswali. Upande mwingine, sheria ya ushahidi inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwenye makosa ya kingono kwa maneno ya mtoto mwenyewe peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli, kwahiyo ile kauli ya mwenyekiti ya hatuna ushahidi haiuui mchezo. Na manispaa kuwafungia, mimi kwa niliyoyaona, kikundi kinachopata shida ni kile kilichoambiwa tarehe fulani kikakaa kimya mpaka mtoto wa pili. Hapo swali la kwanza ni "mlijua lini?" na wewe una daftari lenye tarehe ya juzi sokoni.

Mfadhili mwambieni wenyewe kabla hajasikia kwa mtu, bila jina la mtoto. Wengi wanajua kwamba mradi ambao haujawahi kupata lalamiko hata moja ni mradi ambao watoto hawana pa kulalamikia.

Sasa hiyo sera ya Manchester. Ichaneni, andikeni kurasa mbili kwa Kiswahili ambacho mtoto wa darasa la nne ataelewa, mkitaka na Kiha kwa bibi wanaolea wajukuu. Jambo la kwanza, mtu mzima hakai na mtoto mmoja mahali pasipoonekana, mlango wazi au watu wazima wawili, na hii inamhusu na mwenyekiti. Safari za mechi, Kasulu au Uvinza au popote, watoto wanalala pamoja sehemu moja inayojulikana, mzazi mmoja angalau anasafiri nao, fomu inasainiwa, na nyumbani kwa kocha sio gesti. Zawadi zinapitia ofisini zinaandikwa, mtu akitaka kununua viatu anunue apeleke kwa mtunza vifaa vigawiwe na kikundi, utashangaa wangapi watapoteza hamu na wangapi wataendelea. Kumtumia mtoto meseji usiku moja kwa moja hapana, grupu ni la wazazi.

Kupokea mtu mpya, cheti cha polisi cha tabia njema kile cha alama za vidole kiombeni, ila msikiabudu. Kinaonyesha rekodi zilizopo polisi, hakionyeshi mtu aliyeagwa kwa barua ya shukrani. Kinachosaidia zaidi ni kupiga simu pale alipotoka, ongea na mtu sio karatasi, uliza swali moja, "ungemrudisha leo kufanya kazi na watoto?" halafu nyamaza usikilize anachukua sekunde ngapi kujibu. Mimi hilo swali limenisaidia kuliko vyeti vyote.

Pokeeni malalamiko kupitia watu wawili, mwanamke na mwanaume, mmoja awe nje ya uongozi na asiwe ndugu wa mwenyekiti, watoto wawajue kwa sura na waambiwe kila muhula. Na kwa kuwa mna masomo ya jioni niseme na la fimbo maana lazima lipo, kanuni za viboko za 2002 zinahusu shule, na hata huko ni mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne na viandikwe kitabuni. Nyie sio shule. Volontia wenu hana fimbo ya kisheria.

Picha pia, nimeona mnazomtumia mfadhili, watoto na majina yao chini na mtaa wanaoishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023 na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi nyeti, chukueni ridhaa ya mzazi kwa maandishi na toeni hayo majina.

Yote hayo ya sera mnaweza kuyafanya na msaidizi wa kisheria, wapo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi, ofisa maendeleo ya jamii wa kata atakuonyesha walipo. Lakini hili la mtoto usilipeleke kwa msaidizi wa kisheria kwanza, wala usinisubiri mimi. Mimi niko mbali na kwa maandishi siwezi kupima alivyo mtoto wala kama kuna hatari ya leo usiku. Ukisikia kocha amemfuata mtoto au amemtishia mama, hiyo ni polisi saa hiyohiyo sio kesho.

Vinginevyo wahi ustawi asubuhi kabla ya saa mbili na nusu, baada ya hapo foleni ya kesi za matunzo inakuwa ndefu na utakuta huna pa kuongea kwa siri. Omba chumba, usieleze mapokezi. Na ukiniandikia tena usitaje jina la mtoto wala mtaa wao, niambie tu umeonana na ofisi ipi na wamekuambia urudi lini.